Miaka 35 bila studio: Mississippi John Hurt aliwezaje kurudi na mkono uleule?

Mwanagitaa

Ndugu wapenzi wa muziki wa zamani, nina jambo ambalo limenisumbua kwa miezi kadhaa, nami naomba msaada wa wanaolifahamu vizuri kuliko mimi.

Nimekuwa nikisikiliza rekodi za Mississippi John Hurt, mpiga gitaa na mwimbaji kutoka jimbo la Mississippi nchini Marekani. Rekodi zake za kwanza ni za mwaka 1928, na zinazofuata ni za mwaka 1963. Kati ya miaka hiyo miwili hakutoa santuri hata moja. Nilitarajia kwamba mtu aliyekaa miaka 35 nje ya studio angerudi akiwa amepungua, vidole vikiwa vizito na nusu ya nyimbo zikiwa zimesahaulika. Badala yake, kila nikisikiliza wimbo wa 1928 na kisha wimbo uleule wa miaka ya 1960, nasikia mkono uleule: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene bila kuyumba, vidole vingine vinaimba juu yake, na mwenyewe anaimba kwa upole kama mtu anayezungumza na jirani kibarazani.

Alikuwa wapi muda wote huo, na aliwezaje kuutunza ufundi wake? Nimesoma mara nyingi kwamba alipotea na baadaye akagunduliwa upya, lakini maelezo hayo hayanitoshi, kwa sababu mtu mwenye mke, nyumba na majirani hapotei kirahisi namna hiyo. Ningependa pia kujua kama ni sahihi kumwita mpiga bluzi (muziki wa Wamarekani weusi wa kusini), maana nyimbo zake nyingi hazifanani na bluzi za Mississippi ninazozijua, zile za sauti kali na za chuma kinachoteleza juu ya nyuzi.

Nauliza kama mtu anayejifunza gitaa, si kama mtafiti, kwa hiyo yeyote anayeweza kunieleza habari za mkono wake wa kulia atakuwa amenisaidia zaidi.

---

Santuri ya Zamani

Ndugu Mwanagitaa, umeshuku vizuri. Hurt hakupotea. Alikuwa nyumbani kwake Avalon, katika kaunti ya Carroll, alikokulia na ambako kaburi lake lipo hadi leo. Kilichotoweka ni biashara ya santuri, ambayo ilimfikia kwa mwaka mmoja tu kisha ikamwacha palepale ilipomkuta.

Alizaliwa Teoc, katika kaunti hiyohiyo, na mwaka unaoandikwa mara nyingi ni 1893. Avalon ni kijiji kidogo sana kati ya miji ya Greenwood na Grenada, mahali ambapo tambarare ya pamba inayoitwa Delta inakoma na vilima vinaanza. Alianza kushika gitaa akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Kulikuwa na mgeni aliyekuwa akilala nyumbani kwao kila alipofika kwa mambo yake ya uchumba, na mgeni huyo alipokwisha kulala, mtoto John alilinyakua gitaa lake na kujaribu kurudia aliyoyasikia mchana. Baadaye mama yake alimnunulia gitaa kuukuu kwa dola 1.50. Hakufundishwa na mtu. Mwenyewe alieleza uzeeni kwamba alilipiga tu kwa namna aliyodhani gitaa linapaswa kusikika.

Maisha yake yalikuwa ya mkulima. Alilima pamba na mahindi kwenye ardhi ya watu wengine kwa mpango wa kugawana mavuno na mwenye shamba, kwa muda mfupi alifanya kazi na kikosi cha mafundi wa reli, na siku za Jumamosi usiku alipiga muziki kwenye dansi za majirani, weusi na weupe pia. Hilo la weupe ndilo lililomfungulia mlango. Alikuwa akimsindikiza mpiga fidla Mzungu wa hapohapo kaunti ya Carroll, Willie Narmour, hasa pale ambapo mpiga gitaa wa kawaida wa Narmour, Shell Smith, hakuweza kufika. Narmour alipopata nafasi ya kurekodi na kampuni ya Okeh baada ya kushinda mashindano ya fidla, alimtajia ofisa wa kampuni hiyo, Tommy Rockwell, jina la Hurt. Rockwell alimsikiliza, akaridhika, akamwita Memphis mwezi Februari 1928.

Hapo Memphis alirekodi nyimbo nane, lakini kampuni ilitoa santuri moja tu, yenye wimbo mmoja kila upande. Inaelekea santuri hiyo iliuzwa vizuri kiasi, kwa sababu kabla ya mwaka kwisha Rockwell alimwandikia barua ya kumwita New York, akimwahidi dola 20 kwa kila wimbo pamoja na gharama za safari, na akimwomba alete nyimbo nyingine za kizamani zinazofanana na zile za santuri ya kwanza. Mwezi Desemba 1928 Hurt alipanda treni hadi New York, akarekodi kwa siku mbili zilizopishana kwa wiki moja. Mmoja wa nyimbo hizo ni "Avalon Blues", ambao ndani yake mtu aliye katika jiji kubwa anaikumbuka Avalon, nyumbani kwake. Tafadhali ushike wimbo huu akilini, kwa maana utarudi.

Jumla ya kazi yake iliyouzwa wakati ule ni pande 12, yaani santuri sita. Neno "Mississippi" katika jina lake liliongezwa na kampuni ili kuvutia wanunuzi. Majirani walimjua kama John Hurt.

Kisha mwezi Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka, na mdororo mkuu wa uchumi ukafuata. Mauzo ya santuri nchini Marekani, ambayo mwaka 1927 yalikuwa zaidi ya milioni 100, yalishuka hadi takriban milioni 6 mwaka 1932. Kampuni ziliacha kutuma watu vijijini kutafuta wapigaji, na wasanii waliokuwa wakiuza maelfu machache ya nakala ndio waliokatwa kwanza. Hurt hakufukuzwa na mtu. Hakuna aliyemwandikia barua nyingine, basi. Alirudi kwenye pamba, akafanya kazi katika miradi ya serikali iliyoanzishwa kuwapa watu ajira wakati wa mdororo, na hatimaye akawa mchungaji wa ng'ombe wa mwenye shamba mmoja. Muda wote huo aliendelea kuwapigia majirani.

Huku nyuma santuri zake zilikuwa zikizunguka mikononi mwa wakusanyaji. Mwaka 1952 Harry Smith alichagua rekodi 84 za miaka ya 1920 na 1930 kwa ajili ya mkusanyiko uliotolewa na kampuni ya Folkways, na mbili kati yake zilikuwa za Hurt. Smith hakuandika popote nani mweusi na nani Mzungu, na kwa miaka mingi wasikilizaji wengi walimdhania Hurt kuwa Mzungu wa milimani. Vijana waliokulia katika mkusanyiko huo ndio walioanza kujiuliza kama wazee hawa wangali hai. Mmoja wao, Tom Hoskins wa Washington, aliposikiliza "Avalon Blues" pamoja na mwenzake Dick Spottswood, aliona jambo lililo wazi kabisa ambalo hakuna aliyekuwa amelifuatilia: mwimbaji anataja kwao. Ramani za kisasa hazikuonyesha Avalon, lakini ramani ya zamani ya karne ya 19 ilionyesha. Mwaka 1963 Hoskins aliendesha gari hadi huko, akauliza dukani kama kuna mtu anayemjua John Hurt, akaelekezwa ahesabu masanduku ya barua barabarani na kupanda kilima kwenye la tatu.

Mzee alidhani kijana huyu Mzungu ni polisi au mtu wa upelelezi. Tukumbuke kwamba hii ni Mississippi ya mwaka 1963, na Mzungu asiyejulikana anayefika na kutaja jina lako kamili si habari njema.

---

Gumba na Shahada

Mzee Santuri amemaliza upande wa maisha, nami nitajibu lile la mkono wa kulia, kwa kuwa nimekaa nalo kwa miaka mingi na bado halijaniachia.

Chukua wimbo wowote wenye vipigo vinne. Gumba la Hurt hupiga kila kipigo, likipokezana kati ya nyuzi mbili za besi: kwa mfano katika kodi ya C (kodi, au "chord", ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), uzi wa tano, kisha wa nne, kisha wa tano, kisha wa nne. Mpokezano huu haukatiki hata anapobadilisha kodi, na hauharakishwi hata maneno yanapokuwa mengi. Juu yake kidole cha shahada na cha kati hupiga nyuzi nyembamba na kutoa sauti ya wimbo wenyewe, yaani ileile anayoiimba kinywani. Noti nyingine huangukia pamoja na gumba na nyingine huangukia katikati ya vipigo viwili vya gumba, na ni hizi za katikati ndizo zinazoufanya muziki uchezeke. Wanafunzi wengi hudhani ugumu uko kwenye kasi ya vidole. Ugumu uko kwenye gumba, ambalo halipaswi kabisa kujua vidole vinafanya nini.

Hakutumia kucha za bandia. Alipiga kwa nyama ya ncha za vidole, na kwa sehemu kubwa alikaa kwenye kodi za kawaida karibu na kichwa cha gitaa. Kidole cha pete na kidole kidogo vilitua juu ya ubao wa gitaa na kuushikilia mkono usielee. Kuna jambo lingine ambalo hulisikii mara ya kwanza: mara nyingi huanza mstari kwa sauti yake kisha huuacha kabla haujaisha, na gitaa ndilo linalomalizia maneno. Msikilizaji anayeujua wimbo hasikii pengo lolote.

Nadhani hapa kuna sehemu ya jibu la swali lako kuhusu miaka 35. Mtindo huu hauhitaji nguvu. Hauna noti za kupiga kelele wala mivutano mikali ya uzi, na sauti yake haikutegemea koo la ujana. Mpigaji aliyejenga muziki wake juu ya nguvu za kifua huzeeka pamoja na kifua chake, lakini gumba linalotembea polepole linaweza kutembea hadi miaka sabini.

Hata hivyo usikubali haraka kwamba ni mkono uleule kabisa. Weka rekodi hizo mbili tena, lakini mara hii hesabu vipigo. Zile za 1928 karibu zote ni za haraka zaidi. Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulibeba takriban dakika tatu, na mtu mwenye wimbo wa hadithi yenye beti nyingi alilazimika kuuharakisha au kuukata. Katika miaka ya 1960 alirekodiwa kwa ajili ya santuri za muda mrefu, hakuna aliyemwonyesha saa, na wimbo ukapata nafasi ya kupumua. Mimi binafsi nazipenda za uzeeni kwa kujifunzia na za 1928 kwa kusikiliza. Zile za mwanzo zina wepesi wa mchezaji dansi ambao haukurudi.

Kuna kisa kinachosimuliwa kila mahali, kwamba bingwa wa gitaa la kiklasiki Andrés Segovia alisikilizishwa rekodi ya Hurt na akauliza nani anapiga gitaa la pili. Kinafurahisha, lakini mtu akikueleza hivyo darasani, mwombe akuonyeshe ushahidi.

---

Mwanagitaa

Nawashukuru nyote wawili. Nimehesabu vipigo kama ulivyoniagiza, ndugu Gumba, na ni kweli, tofauti ni kubwa kuliko nilivyodhani. Masikio yangu yalidanganywa na utulivu wa gumba.

Lakini bado kuna jambo halijanikalia sawa. Mzee Santuri anasema aliendelea kuwapigia majirani muda wote, nami nimesoma mahali kwamba Hoskins alipofika, Hurt hakuwa hata na gitaa nyumbani. Yote mawili yanawezaje kuwa kweli?

---

Mpenda Historia

Yanaweza, na si jambo la ajabu kwa mkulima maskini. Gitaa lilikuwa kitu cha kununua mwaka wa mavuno mazuri na cha kukosa mwaka mbaya, na mtu aliyezoeleka kwa muziki kijijini aliweza kupiga la mwingine. Ni kweli kwamba mwaka 1963 hakuwa na gitaa lake mwenyewe. Alimpigia Hoskins kwa gitaa ambalo Hoskins alikuja nalo. Gitaa la aina ya Guild F-30 analoonekana nalo katika picha nyingi za baadaye alinunuliwa na Wakfu wa Newport, wa tamasha la muziki la Newport. Kwa hiyo mkono wake ulikuwa umetulia kwa muda, lakini haukuwa umeachana na kazi hiyo kwa miaka 35.

Tofauti hiyo inaonekana zaidi ukimlinganisha na wenzake waliotafutwa kwa njia hiyohiyo. Bukka White alipatikana mwaka huohuo wa 1963, naye pia kwa sababu ya wimbo unaotaja mji, baada ya wapenzi wawili wa muziki huo, John Fahey na ED Denson, kutuma barua Aberdeen, Mississippi, bila anwani kamili. Skip James alikutwa mwaka 1964 akiwa mgonjwa hospitalini Tunica. Son House, aliyepatikana mwaka huohuo mbali kabisa, Rochester katika jimbo la New York, alikuwa ameacha muziki kwa miaka mingi kiasi kwamba kijana aitwaye Alan Wilson, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi la Canned Heat, alikaa naye na kumkumbusha nyimbo zake mwenyewe kwa kutumia santuri zake za zamani. Hurt hakuhitaji mtu wa kumkumbusha. Son House alihama, akafanya kazi katika reli, na waliomzunguka huko hawakuwa wale waliocheza dansi kwa muziki wake. Hurt alibaki kati ya watu wanaozijua nyimbo zake na wanaoziomba.

Kuhusu kama ni mpiga bluzi, mimi husema ndiyo kwa shingo upande. Yeye ni wa kizazi kilichotangulia mgawanyo wa muziki kwa aina. Waimbaji wa aina yake, kama Henry Thomas wa Texas au Furry Lewis wa Memphis, walipiga chochote kilichohitajika kwenye dansi: visa vya wauaji, nyimbo za kanisani, nyimbo za kazi za reli, mizaha, na bluzi pia ilipoanza kupendwa. Tazama pande zake 12. Kuna kisa cha Frankie, kinachotokana na mwanamke aliyempiga risasi mpenzi wake mjini St. Louis mwaka 1899. Kuna kisa cha Stack O'Lee, kinachotokana na mauaji ya mjini humohumo usiku wa Krismasi mwaka 1895. Kuna wimbo wa mtu wa kupigilia misumari ya reli, na kuna nyimbo mbili za dini. Bluzi zenyewe, zile za mstari unaorudiwa kisha kujibiwa, ni sehemu tu ya kazi yake. Kampuni ya Okeh ilimweka kwenye orodha yake ya santuri za wanunuzi weusi kwa sababu alikuwa mweusi, ikamweka rafiki yake Narmour kwenye orodha ya Wazungu wa vijijini, ilhali wawili hao walikuwa wakipiga pamoja kwenye dansi zilezile. Laiti jina lake lisingeandikwa, sidhani kama mchambuzi wa leo angemtia kapu moja na mpiga bluzi wa Delta, Charley Patton.

Naomba niongeze jambo ambalo huwa linarukwa katika simulizi hii tamu. Baada ya kupatikana, Hurt alihamia Washington pamoja na mkewe, Jessie. Mwezi Julai 1963 alirekodiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwezi huohuo akapanda jukwaani katika tamasha la Newport mbele ya maelfu ya vijana. Alialikwa vyuoni, akapiga kwa muda mrefu katika mkahawa wa Ontario Place mjini Washington, akaonekana hata katika kipindi cha televisheni cha Johnny Carson. Kampuni ya Piedmont ilitoa santuri zake mbili, kisha Vanguard ikaendelea. Kwa mchungaji wa ng'ombe wa miaka sabini, hii ni neema, na sitaki kuidharau. Lakini vijana wale wale waliompenda ndio waliounda kampuni iliyomfunga kwa mkataba, na mivutano ya kisheria kuhusu rekodi zake iliendelea baada ya yeye kufariki. Mwaka 1928 alilipwa dola 20 kwa wimbo na wenye kampuni wakabaki na wimbo. Mwaka 1963 alizungukwa na watu wenye nia njema zaidi, na bado karatasi aliandikiwa na wengine. Sisemi walikuwa waovu. Nasema tu kwamba neno "kugunduliwa" linawapa sifa wagunduzi na kumfanya mzee aonekane kama kisiwa kilichokuwa kikisubiri meli.

Alipata miaka mitatu na miezi kadhaa. Mwaka 1966 alikuwa amerudi Mississippi, na tarehe 2 Novemba mwaka huo alifariki Grenada kwa ugonjwa wa moyo.

---

Santuri ya Zamani

Nakubali sifa na lawama zako, ndugu Mpenda Historia, isipokuwa nadhani unawaonea kidogo wale vijana. Walikuwa na miaka ishirini na kitu, hawakujua biashara zaidi ya alivyojua yeye, na bila wao leo tungekuwa na dakika zisizozidi arobaini za muziki wake. Hurt mwenyewe alizunguka nao kwa furaha. Mmoja wa waliomzunguka wakati ule, John Sebastian, aliiita bendi yake The Lovin' Spoonful kutokana na maneno ya wimbo mmoja wa mzee kuhusu kahawa, na bendi hiyo ikauza santuri nyingi kuliko mzee alivyowahi kuuza maishani mwake.

Jambo la kusikitisha kwa wanaotaka kwenda kuona kwa macho ni kwamba nyumba yake ya mbao, ambayo familia yake ilikuwa imeigeuza kuwa makumbusho hapo Avalon, iliteketea kwa moto mwezi Februari 2024. Kaburi lipo, msituni, na wapiga gitaa hufika huko.

---

Gumba na Shahada

Kabla mjadala haujahamia mahakamani, nimrudie mwenye swali, kwa kuwa alisema anajifunza.

Usianze na rekodi za 1928. Zina mikwaruzo, zina kasi, na utakata tamaa. Anza na santuri ya kwanza ya Vanguard, iliyotoka mwaka 1966, ambayo sauti yake ni safi na unaweza kusikia gumba na vidole vikiwa mbalimbali. Chagua wimbo mmoja wa kodi ya C. Kwa wiki nzima piga gumba peke yake huku ukizungumza na watu waliopo nyumbani. Siku utakayoweza kujibu swali la mtu bila gumba kusimama, ndiyo siku ya kuongeza kidole cha shahada. Ongeza noti moja tu, ile inayoangukia pamoja na gumba. Ile ya katikati ya vipigo ije baadaye.

Kisha tafuta filamu ya kipindi cha televisheni cha Pete Seeger kiitwacho Rainbow Quest, ambamo Hurt ameketi na kofia yake kichwani pamoja na mwimbaji Hedy West. Kamera inakaribia mkono wake wa kulia. Izime sauti mara ya kwanza, uangalie ni kidogo kiasi gani mkono unasogea: ngumi haipandi, kiganja hakigeuki, na vile vidole viwili vya mwisho vimelala juu ya ubao. Ukiona mkono wako unasogea zaidi ya huo, punguza mwendo uanze tena.